Kocha aliyeingia shambani kuchuma pamba



Mwezi huu tumeacha kidogo matokeo ya ligi yetu, ambayo kila mtu anayajua na kila mtu anayabishia, tuwaletee habari za kocha mmoja wa Marekani aliyeitwa Eddie Robinson. Wengi hamjamsikia na si ajabu, kwa sababu hakufundisha huu mpira wetu wa miguu. Alifundisha mpira wa Kimarekani. Mpira wenyewe una umbo kama la yai. Wachezaji ni 11 kila upande, wanavaa kofia ngumu na mapedi mabegani, na mpira wanaushika kwa mikono, wanakimbia nao au wanarushiana. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wengine. Yule anayepanga mashambulizi na kuurusha mpira anaitwa kwotabeki. Hilo neno mlishike, tutalirudia huko mbele.

Sasa mtauliza, kocha wa mpira usiochezwa hapa anatuhusu nini? Anatuhusu kwa namna alivyofanya kazi. Robinson hakukaa kwenye chuo kikubwa chenye fedha. Alikaa chuo kimoja kidogo cha watu weusi, mahali pa mashambani panapoitwa Grambling, jimbo la Louisiana, tangu 1941 mpaka 1997. Hapohapo, bila kuhama.

Alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Baba yake alilima pamba kwenye shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Wazee wetu wanaujua ukulima wa namna hiyo: unalima mwaka mzima, siku ya kugawa unakuta bado unadaiwa. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa watu. Kijana akasoma sekondari huko Baton Rouge, kisha akaingia Chuo cha Leland, cha weusi pia, akicheza yeye mwenyewe nafasi ya kwotabeki.

Alipomaliza chuo mwaka 1941 kazi ya ukocha haikuonekana. Vyuo vya wazungu visingemwajiri mtu mweusi, na vya weusi vilikuwa vichache. Akaingia kwenye kinu cha chakula cha mifugo huko Baton Rouge, malipo senti 25 kwa saa. Ukipiga hesabu ya saa 8 kwa siku, siku 25 za mwezi, ni dola 50. Yaani kijana mwenye shahada, amefunga ndoa mwaka huohuo na Bi Doris Mott, anabeba magunia. Vijana wetu waliomaliza kidato na sasa wanasukuma baiskeli za mkaa, mnasikia?

Ndipo akasikia kwamba Grambling wanatafuta kocha. Chuo hicho kilianzia 1901, kikiwa shule ndogo iliyoanzishwa kwa juhudi za wakulima weusi wa eneo hilo waliotaka watoto wao wasome. Mkuu wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, ambaye naye alikuwa akifundisha timu ya besiboli, akamchukua Robinson akiwa na miaka 22. Mshahara ulikuwa dola 63 na senti 75 kwa mwezi.

Na kwa mshahara huo alifanya nini? Hapa ndipo sisi walimu tulicheka tulipokuwa tunasoma habari zake, kwa sababu tulijiona. Alikuwa kocha wa mpira huo wa Kimarekani, na baadaye wa mpira wa kikapu pia. Hakuwa na msaidizi wa kulipwa, na msaidizi aliyempata alikuwa mlinzi wa usiku wa chuo. Majani ya uwanja aliyakata mwenyewe na mistari akaichora mwenyewe. Mchezaji akiteguka kifundo cha mguu, kocha ndiye aliyemfunga bandeji. Baada ya mechi alikaa chini akaandika habari ya mchezo ili magazeti yaichape. Leo chuo kikubwa cha Marekani kina idara nzima ya utawala wa michezo, watu chungu nzima, mmoja wa usafiri, mwingine wa tiba, mwingine wa habari. Robinson alikuwa idara nzima peke yake.

Kulikuwa na kazi nyingine isiyoandikwa kwenye mkataba wowote. Zama zile majimbo ya kusini mwa Marekani yalikuwa na ubaguzi wa rangi wa kisheria. Timu ikisafiri, wachezaji weusi hawakuruhusiwa kukaa na kula kwenye hoteli za wazungu njiani. Basi kocha alitengeneza mikate yenye nyama kabla ya safari, akaipakia, na vijana wakala humohumo ndani ya gari. Fikirieni vijana wakubwa wale, wamecheza saa nzima wakigongana, halafu hakuna mlango wa kuingia kununua hata chai. Kama mikate haikutosha, ilikuwa njaa mpaka nyumbani. Kwa hiyo hesabu ya mikate ilikuwa sehemu ya hesabu ya ushindi.

Msimu wa kwanza alishinda mechi 3 akapoteza 5. Msimu wa pili, 1942, akashinda zote 9 na hakufungwa hata pointi moja. Mtu angesema sasa mambo yamenyooka. Wapi! Vita Kuu ya Pili ikawachukua vijana, na chuo kikasimamisha mpira 1943 na 1944. Sisi tunajua vita inavyovunja timu, hatuhitaji kuelezwa. Robinson hakuondoka. Akashuka kufundisha watoto wa sekondari ya palepale Grambling, na huko ndiko lilikotokea jambo tulilolipa kichwa cha habari hii.

Msimu wa pamba ulifika. Mzee mmoja mkulima akawaondoa wanawe kwenye timu wakachume pamba, na ilikuwa karibu na mechi za kugombea ubingwa. Tusimhukumu haraka huyo mzee. Pamba isipochumwa kwa wakati inaharibika, na pamba ndiyo unga, ndiyo nguo, ndiyo deni la dukani. Baba hakuwa adui wa mpira, alikuwa na shamba na mikono haikutosha. Robinson akachukua timu yake yote wakaingia shambani, kocha na wachezaji, wakachuma pamba ya yule mzee. Kazi ikaisha, wale vijana wakarudi uwanjani, na timu ikachukua ubingwa.

Tumelijadili jambo hili sana sisi kwa sisi, baada ya vipindi. Kwa sababu hapa kwetu pamba ipo, ila ina majina mengine. Inaitwa siku ya mgao, inaitwa kuni, inaitwa foleni ya bomba. Mama ana kadi ya watu saba, watoto wadogo watano, na kijana mmoja tu mwenye mgongo wa kubeba gunia. Siku ya mgao ikiangukia siku ya mechi au ya mtihani wa majaribio, huyo kijana haonekani. Sisi tunafanya nini? Mara nyingi tunaandika jina lake na alama ya kutokuwepo, na kwenye mkutano wa wazazi tunamsema mama yake mbele za watu. Mama ananyamaza, na mwezi unaofuata ni vilevile.

Basi tumekubaliana jambo, na tunaomba lisomwe kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma. Kaya yoyote ambayo kijana wake, mvulana au msichana, yuko kwenye timu ya shule au darasa la mtihani, na siku ya mgao imegongana na siku yake, itoe taarifa kwa mwalimu wa darasa siku mbili kabla. Timu itagawana zamu, watakuja wanne na mwalimu mmoja, watabeba mzigo mpaka mlangoni. Kadi inabaki mkononi mwa mama, hakuna atakayeigusa. Kuhusu kuni hatuahidi, maana kule porini kuna hatari zake na watoto wa watu hatuwezi kuwapeleka. Kwa mgao tunaweza.

Turudi Grambling. Vita ilipokwisha 1945 timu ya chuo ikafufuka. Mwaka 1949 kijana mmoja wa Robinson, Paul Younger, aliyeitwa kwa jina la utani Tank, alisajiliwa na timu ya kulipwa ya Los Angeles Rams. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha weusi kuingia ligi kuu ile ya NFL. Kocha alimweleza waziwazi kwamba anakwenda kwa niaba ya wengi: akishindwa, wenye timu watasema wamejaribu mchezaji bora wa vyuo vya weusi na hakufaa, na mlango utafungwa. Mzigo mkubwa huo kwa kijana mmoja, na kwa maoni yetu si haki mtu abebe kabila lake lote mgongoni kila anaposhika mpira. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Younger hakushindwa, alicheza mpaka 1958.

Baada yake wakafuata wengine na wengine. Wachezaji zaidi ya 200 wa Robinson walifika kwenye mpira wa kulipwa. Mwaka 1963 Buck Buchanan akawa wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika ligi ya AFL, iliyokuwa ikishindana na NFL. Chuo kile kidogo ambacho wazungu wengi hawakujua kiko wapi!

Ila palibaki nafasi moja, ndiyo ile tuliyowaambia mshike neno lake. Watu weusi waliruhusiwa kukimbia, kukaba na kugonga, lakini ukwotabeki walinyimwa. Maneno yaliyosemwa ni kwamba nafasi ile inataka akili na uongozi, eti mweusi hana. Kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni, akifika kwenye timu za kulipwa alihamishiwa nafasi nyingine. Robinson alichukulia hilo kama kazi yake. Akamwandaa James Harris, na 1969 Harris akaanza msimu akiwa kwotabeki wa Buffalo Bills, jambo ambalo mtu mweusi hakuwahi kupewa. Akamwandaa Doug Williams, aliyesoma Grambling miaka ya 1970. Tarehe 31 Januari 1988 Williams aliiongoza timu ya Washington katika fainali kuu, ile inayoitwa Super Bowl, dhidi ya Denver. Walianza vibaya, wakawa nyuma kwa pointi 10. Katika robo ya pili pekee Williams akarusha pasi nne za kufunga. Mwisho 42 kwa 10, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Tangu Younger asajiliwe mpaka siku ile ilipita miaka 39. Kocha alikuwa palepale Grambling, ana miaka 68, na bado anafundisha.

Tusifikiri kwamba alikuwa kocha wa mpira tu. Asubuhi na mapema alipita kwenye mabweni akigonga kengele, kama ile inayofungwa ng'ombe shingoni, kuwaamsha vijana waende darasani. Si mazoezini, darasani! Alijua kwamba wengi hawatacheza kwa kulipwa, na hata atakayecheza, goti likivunjika akiwa na miaka 26 atahitaji kazi. Yeye mwenyewe alirudi shule, akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1954, wakati huo ni kocha mwenye jina. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba kama asilimia 80 ya wachezaji wake walimaliza masomo. Vijana mnaotuambia kwamba mpira na hisabati haviendi pamoja, tunawasubiri darasani Jumatatu.

Upande wa fedha nao una funzo, ingawa tutaupita haraka. Chuo maskini kinapataje fedha za michezo? Robinson na mkuu wake Jones walikuwa na mtu wa habari, Collie Nicholson, aliyeanza kazi 1948, na hao watatu wakaona kwamba uwanja wa Grambling ni mdogo, basi timu iende kwenye viwanja vikubwa. Mwaka 1968 walicheza na chuo cha Morgan State katika Yankee Stadium jijini New York, watu zaidi ya 60,000 wakaja. Mwaka 1976 wakapeleka mechi mpaka Tokyo, Japani. Tangu 1974 mechi yao na jirani zao wa Southern, inayoitwa Bayou Classic, ikawa inachezwa New Orleans, na imekuwa kama sikukuu ya familia za weusi wa jimbo lile, watu wanavaa, wanapika, wanakutana ndugu wasioonana mwaka mzima.

Tarehe 5 Oktoba 1985, huko Dallas, Grambling ilishinda Prairie View 27 kwa 7. Huo ulikuwa ushindi wa 324 wa Robinson, akampita Bear Bryant wa Alabama aliyekuwa na 323. Kocha wa chuo kidogo cha weusi akawa juu ya kocha wa chuo kikubwa cha kusini ambacho kwa miaka mingi hakikumpokea mchezaji mweusi hata mmoja.

Na hapa kuna jambo linalouma kidogo. Milango ile ya vyuo vikubwa ilipofunguka, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, ilikuwa haki na ilikuwa lazima. Lakini vipaji ambavyo zamani visingekuwa na pa kwenda ila Grambling, sasa vilikwenda kwenye viwanja vikubwa na mabweni mazuri. Heri ya wachezaji ikawa hasara ya chuo. Sisi hapa kambini jambo hili tunalijua bila kufundishwa. Tumeshaona kipa mzuri, umemlea miaka minne, familia yake inaitwa kwenda nchi ya tatu, Alhamisi anaaga, Jumamosi golini amesimama mtoto ambaye glovu zinamvuka. Unafurahi kweli kwa ajili yake, na Jumamosi mnafungwa manne.

Robinson naye miaka ya mwisho ilimwia migumu. Misimu mitatu ya mwisho alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mwaka 1996 kukawa na shinikizo aondoke. Watu wakapiga kelele kwamba mzee huyo hatolewi namna hiyo, akapewa msimu mmoja wa kuagana. Huo nao ulikuwa mbaya, na mechi yake ya mwisho, Novemba 1997 dhidi ya Southern, aliipoteza. Wengine wanasema alikaa mno. Huenda ni kweli. Kuna wazee wa timu hapa kambini ambao nao tunawapenda na hatujui tuwaambie vipi. Sisi tungependa kocha apumzike kabla ya kusukumwa, lakini pia tunajiuliza, mtu aliyechora mistari ya uwanja kwa mkono wake miaka 56 anajuaje siku ya kuacha?

Jumla yake ilikuwa ushindi 408, kushindwa 165, sare 15, katika misimu 55. Rekodi ile ya 408 ilikuja kupitwa 2003 na John Gagliardi, naye pia kocha wa chuo kidogo, Saint John's cha Minnesota, aliyefikisha ushindi 489 kabla ya kustaafu 2012. Ajabu, wote wawili ni wa vyuo vidogo.

Mwaka 1998 timu ya Grambling ilikabidhiwa kwa Doug Williams, kwotabeki wa fainali ile, akachukua ubingwa wa ligi yao 2000, 2001 na 2002. Mwalimu wake hakupata kuufurahia vizuri, kwa sababu baada ya kustaafu alipatwa na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu polepole. Alifariki tarehe 3 Aprili 2007 akiwa na miaka 88. Bi Doris alikuwa bado mkewe. Mwili wake uliwekwa katika jengo la serikali ya jimbo huko Baton Rouge ili watu wapite kutoa heshima zao, katika mji uleule alikobeba magunia kwa senti 25.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaandika juu ya netiboli, maana mabinti wa darasa la saba wametulalamikia kwamba safu hii ni ya wavulana, na wana haki. Wale wanaotaka kuzielewa vizuri sheria za mpira wa Kimarekani waje darasani Jumatano baada ya vipindi, tutazichora ubaoni. Na siku mbili kabla ya mgao msisahau kutoa taarifa.